Jackton Makokha Wabomba, 1981–2017: Mwonja Mvinyo Katika Nchi Isiyo na Mvinyo

Jackton Makokha Wabomba, tunayemlaza leo Jumamosi tarehe 24 Juni 2017, alizaliwa Jumamosi nyingine, tarehe 14 Machi 1981, hapa hapa Kimilili, katika nyumba ya mzee Ephraim Wabomba na mama Rosebellah Nanjala. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu. Wa kwanza ni Peris, anayewasomea maneno haya, na akikwama mahali mumvumilie. Wa mwisho ni Fred.

Jackton alizaliwa na pua. Msicheke, wenye kumjua wanaelewa. Kukhu yetu, nyanya mzaa baba, alikuwa akipika busaa, pombe ya nafaka, na mzee Ephraim, ambaye ni mzee wa kanisa tangu kijana, alikuwa amekataza watoto wake wasikanyage kwa mama yake siku za kupika. Jackton alikuwa akikanyaga. Akiwa na miaka saba alisimama mlangoni pa kukhu, akavuta hewa, akasema, “Kukhu, kimea cha leo si chako. Hiki kimetoka kwa mama Wanyama.” Kukhu akaangusha mwiko. Kweli wimbi lake lilikuwa limeoza akaenda kuazima, na hakumwambia mtu. Jioni hiyo Jackton alichapwa na baba yake kwa kukanyaga alikokatazwa, na kesho yake kukhu akamchinjia kuku.

Alisomea shule ya msingi hapa kijijini, akaendelea na sekondari, akafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1999. Alama zake zilikuwa za wastani, tusimpambe. Mwaka 2001 aliingia chuo cha hoteli Nairobi, akahitimu uhudumu wa meza mwishoni mwa 2002. Mzee Ephraim alitaka awe mwalimu, lakini alilipa karo hata hivyo, akinung'unika kila muhula.

Januari 2003 aliajiriwa katika mkahawa wa mama mmoja Mwitaliano huko Nairobi, Bi Ornella, mzaliwa wa vilima vya Piemonte, kaskazini mwa Italia. Huko ndiko pua ya Jackton ilipopata kazi. Kila Jumanne, wateja wa mchana wakishaondoka, Bi Ornella alifungua chupa mbili au tatu za mvinyo mwekundu wa kwao, akazifunika kwa kitambaa, akawapanga wahudumu mezani. Unatazama rangi. Unanusa. Unaonja, unatembeza mdomoni, unatema kwenye ndoo. Halafu unasema umeonja nini, na ukikosea unaosha glasi za wote. Bi Hannah Chelimo, aliyekuwa mhudumu mwenzake, ametuambia kwamba baada ya miezi sita Jackton hakuosha glasi tena.

Nyumbani alitueleza mivinyo ile kama anayeeleza majirani. Barolo, alisema, ni baba mkwe: anakukazia macho kwanza, kiti anakupa baadaye. Barbaresco ni shemeji. Wametoka kwa zabibu aina moja, damu moja, lakini shemeji anacheka mapema. Barbera ni mchangamfu, mchachu, hana ule ukakasi wa kukausha ufizi. Dolcetto ni mpole, ila akiondoka anaacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Amarone anatoka upande wa Verona, zabibu zake zinaanikwa miezi mitatu au minne kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo ni mzito na ana joto, na ukimchukulia mzaha utalala mezani. Mzee Ephraim alisikiliza yote hayo Krismasi ya 2004, kisha akauliza, “Nilisomesha mtoto ili awe mtema pombe?”

Jackton akamjibu kwa adabu, “Baba, anayetema hajanywa.”

Mama Rosebellah alitoka nje akacheka huko mbali. Mzee hakucheka, na kwa muda mrefu jambo lile lilikaa baina yao. Ukweli ni kwamba Jackton hakuwa mlevi hata siku moja ya maisha yake.

Tarehe 19 Agosti 2006 alimwoa Charity Naliaka. Charity alikuwa karani katika duka la vitambaa lililopakana na ule mkahawa. Siku ya kwanza kuzungumza, Jackton alimwambia, “Samahani, dada, umejipaka manukato mawili, na la pili limeliharibu la kwanza.” Charity akamtukana, akaenda zake, akanusa mkono wake, akakuta ni kweli. Mungu aliwajalia mabinti wawili, Ashley aliyezaliwa 2007, na Ivy aliyezaliwa Aprili 2013.

Machi 2012 Bi Ornella aliugua uzee, akafunga mkahawa, akarudi kwao. Jackton alizunguka Nairobi miezi minane akitafuta kazi. Miaka ile mnaikumbuka: kila mtaa ulikuwa na ofisi ya wakala, kila ukuta tangazo la Saudia. Tarehe 17 Novemba 2012 alisafiri kwenda Riyadh, mkataba wa miaka miwili, mhudumu wa meza katika hoteli moja ya mtaa wa Olaya. Charity alikuwa na mimba ya Ivy. Hebu fikirini, mtu aliyezoea kutofautisha Barolo na Barbaresco kwa pua, amekwenda nchi ambayo tone la mvinyo ni kosa la kufungwa. Sisi tulimcheka. Fred alimwita “fundi viatu kwa watembea peku.” Yeye alisema, “Kazi ni kazi, na pua naondoka nayo.”

Katika nyumba ya wafanyakazi, mtaa wa Malaz, alilala chumba kimoja na Nehemiah Kisia, dereva wa hoteli hiyo, ambaye amesafiri kutoka Jeddah ili awe nasi leo. Karibu, ndugu. Nehemiah ndiye aliyetusimulia jinsi Jackton alivyoilinda pua yake. Hakutafuta mvinyo wa kichochoroni, ingawa waliouza walikuwepo. Alijizoeza kwa vitu halali. Barolo, kwa wanaoujua, una harufu ya waridi na lami. Basi mwaka 2014, walipokuwa wakichimbua barabara za Olaya kwa ajili ya reli, Jackton alikuwa akishuka kwenye basi la wafanyakazi kituo kimoja kabla, akasimama karibu na lami mbichi, macho amefumba. Alinunua komamanga, tende kavu, cheri za kopo, kipande cha ngozi kwa fundi mikoba. Ijumaa, siku ya mapumziko, alivipanga kitandani akanusa kimoja kimoja, kisha akaandika daftarini: hiki na hiki na kile, ni Amarone. Hiki bila kile, ni Barbera.

“Wewe utatuletea polisi humu,” Nehemiah alimwambia. “Kunusa komamanga kwa macho yaliyofumba!”

“Komamanga ni haramu?”

“Komamanga si haramu. Uso wako ndio haramu.”

Alikuja likizo Novemba 2014, siku thelathini. Ivy alikuwa na mwaka mmoja na nusu, akamkimbia wiki nzima, maana baba aliyemjua alikuwa kwenye simu. Alipozoea kukaa mapajani mwake, likizo ikawa imebaki siku kumi na mbili. Alirejea Saudia Desemba, mkataba wa pili, safari hii Jeddah, katika mkahawa wa karibu na Korniche, barabara ya ufukweni. Yeye na Nehemiah walihamishwa pamoja, kafili wao, yaani mdhamini wao wa kazi, alikuwa mmoja, wakapanga chumba mtaa wa Al-Baghdadiyah.

Mwanzoni mwa 2016 Bi Hannah, aliyekuwa sasa msimamizi katika hoteli mpya iliyokuwa ikijengwa Nairobi, alimpigia simu. Hoteli ingefunguliwa mwaka unaofuata na ilihitaji mkuu wa mvinyo. Mahojiano yangekuwa Desemba: glasi tano za mvinyo mwekundu wa kaskazini mwa Italia, zimefunikwa majina, uzitaje na uzieleze. Jackton alilia kwenye simu. Nehemiah anasema alizunguka chumba akiimba. Kwa sababu ile haikuwa kazi tu. Ilikuwa ndiyo njia ya kurudi nyumbani moja kwa moja, alale chini ya paa moja na mkewe, na Ivy aache kumwita “baba wa simu.” Kila kitu alichotaka duniani kilikuwa kimepita katika matundu mawili ya pua.

Jamani, hapa ndipo pagumu.

Aprili 2016, msimu wa mawaridi ya mji wa Taif, alikwenda sokoni na Nehemiah kama alivyofanya mwaka uliotangulia. Alichukua waridi kwa mzee mmoja Myemeni, akanusa, akalirudisha. “Haya maua yamelala,” alisema. Mzee akampa la pili, la tatu, akaingiza mkono ndani ya gunia akamtolea la chini kabisa. Jackton akasema yote ni ya jana. Mzee akahamaki: “Halas! Yalla, nenda!” Nehemiah alitaka kuamua ugomvi, akalichukua waridi moja na kulinusa. Harufu ilimpanda hadi machoni. Alimtazama rafiki yake, akaona Jackton naye anamtazama, na wakarudi chumbani bila kununua ua.

Kumbe alikuwa ameipoteza pua kitambo, hakujua. Angekuwa Nairobi, mbele ya glasi ya kweli, angegundua siku ya kwanza. Lakini kule alikuwa akinusa vitu vile vile kila Ijumaa, na kabla havijafika puani alishakumbuka vinavyonukia. Kumbukumbu ilikuwa ikijibu badala ya pua. Kiyoyozi alikilaumu, vumbi alililaumu. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba, akasema ni maji ya kuoga. Alikwenda zahanati mara moja, akapewa dawa ya matone na kuambiwa arudi asipopata nafuu. Hakurudi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Waafrika wanaofanya kazi Uarabuni wanaificha homa kama wanavyoficha pasipoti.

Aliendelea kuhudumia meza miezi minane. Damu ikimtoka puani alikwenda chooni, akaweka pamba, akarudi na sinia. Alifika nyumbani Jumamosi tarehe 3 Desemba 2016, amekonda, ana uvimbe shingoni chini ya sikio, akatuambia ni mto mbaya wa kulalia.

Mahojiano yalikuwa Alhamisi tarehe 8. Bi Hannah alikaa upande mmoja wa meza na bosi wake, na Jackton upande wa pili na glasi tano. Aliinua ya kwanza kwenye mwanga, akaonja, akatema. “Dolcetto.” Sawa. Ya pili, “Barbera.” Sawa. Ya tatu, “Amarone.” Sawa. Hannah anasema alikuwa akimshangaa, maana hakusogeza pua kwenye glasi hata moja. Alikuwa akifanya kazi kwa macho na ufizi na ulimi, kwa uzito na uchachu na joto. Walibaki baba mkwe na shemeji, Barolo na Barbaresco. Aliwaonja, akarudia, akarudia tena. Kisha akawataja, na akawa amewabadilisha.

Bosi alikuwa tayari ameandika kwamba amefaulu. Tatu kati ya tano, bila kunusa, nani angefanya hivyo? “Sasa tueleze tu harufu ya hizi mbili,” alisema, “tumalize.”

Mnajua angeweza kueleza. Waridi, lami, cheri, ngozi, alikuwa nayo yote kichwani kama tunavyojua Baba Yetu. Angesema sentensi tatu akapata kazi. Jackton aliweka glasi chini.

“Hannah,” alisema, “siwezi kukudanganya wewe. Sisikii kitu. Tangu Aprili nanusa kwa kumbukumbu.”

Hannah hakumaliza mahojiano. Alimshika mkono, akamtia kwenye gari lake, akampeleka hospitali mchana ule ule. Ilikuwa saratani, nyuma ya pua, na ilikuwa imeshateremka shingoni na kwenye ini. Daktari alimwuliza ilianza lini. Jackton akasema Aprili, labda kabla. Daktari alivua miwani akaipangusa, na Charity anasema aliipangusa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

Alitibiwa Eldoret tangu Januari hadi Mei 2017. Matibabu yalimkausha mate, ulimi nao ukafa, uji na maji vikawa kitu kimoja. Hakulalamika. Aliuliza tu, akiletewa chakula, “Kinanukiaje?” na Ashley alijifunza kumweleza: baba, leo kuna kitunguu, na mboga zimeungua kidogo. Tarehe 20 Mei madaktari walituambia tumpeleke nyumbani.

Ijumaa tarehe 9 Juni mzee Ephraim Wabomba, mwenye miaka sabini na nne, mzee wa kanisa, alivaa koti lake la ibada, akaenda Eldoret bila kumwambia mtu. Alirudi na mfuko mweusi aliouficha chini ya kitanda chake siku mbili. Jumapili baada ya ibada aliingia chumbani kwa mwanawe, akatoa chupa, akaomba kikombe. Tulidhani amechanganyikiwa. Alimimina kidogo, akainamisha uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akanusa mvinyo.

“Haya,” alisema. “Uliza.”

Jackton alimtazama sana. Kisha akauliza, sauti imebaki ndogo, “Unasikia nini, baba?”

“Zambarau zilizoiva.”

“Na nini?”

“Kama siki, kwa mbali. Inanichekesha mdomo.”

“Onja, baba. Ufizi umekauka?”

Mzee akaonja. Wee! Tuliokuwepo tulishika vifua. “Haujakauka,” alisema. “Umetoa mate.”

“Hiyo ni Barbera,” Jackton alisema.

Mzee hawezi kusoma Kiitaliano. Alimpa Peris chupa asome. Ilikuwa Barbera. Mzee Ephraim alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akasema, “Nisamehe, mwanangu. Kumbe ulikuwa na elimu.” Walikaa hivyo mpaka Jackton akashikwa na usingizi.

Jackton alifariki Jumamosi tarehe 17 Juni 2017, saa nne asubuhi, mikononi mwa mkewe, akiwa na miaka thelathini na sita.

Kuna jambo moja limebaki. Wazee wa ukoo walishauri lisisomwe, wakasema wasifu si mahali pa lawama, na tunawaheshimu. Lakini Charity alisema jana jikoni, “Andikeni. Nisipolisema leo nitalibeba mpaka lini?”

Wiki nzima ya matanga watu wamemlaani kafili. Tafadhali muacheni. Jioni ile ya waridi Jackton alimwendea kafili wake na kumweleza, na yule mzee alimwambia, “Mwanangu, afya kwanza. Nitakutilia sahihi ya kuondoka, rudi kwenu utibiwe.” Jackton alipiga simu nyumbani kutupa habari hiyo. Alisema, “Mama Ashley, pua imekufa na naogopa. Kafili ameniruhusu. Nije?”

Charity alimjibu, “Mvumilivu hula mbivu, baba Ashley. Miezi minane ni nini? Maliza mkataba, uje kwa mahojiano yako vizuri.”

Charity ameomba aandikwe yeye peke yake. Hapana. Simu ilikuwa kwenye spika, na dada yake Peris alikuwa ameketi papo hapo, akimenya viazi. Alimnyang'anya Charity ile simu akasema, “Mafua, Jackton? Mwanaume mzima unatoroka mkataba kwa mafua? Kaza roho.” Jackton akasema, kwa adabu yake ile ile, “Sawa, dada.” Hakulitaja tena jambo hilo. Hata kitandani, miezi yote ile, hakulitaja.

Kwa hiyo kama uko na mtu huko, Riyadh, Jeddah, Doha, popote, na akikupigia simu siku moja kukuuliza “Nije?”, Charity na Peris wanakuomba kwa jina la Mungu umwambie neno moja tu: njoo.

Jackton amewaacha wazazi wake, mzee Ephraim na mama Rosebellah. Mjane wake Charity. Dada yake Peris na ndugu yake Fred. Rafiki zake Nehemiah na Hannah, ambao kwetu sasa ni watoto wa nyumba hii. Na binti zake wawili. Ashley ana miaka kumi. Ivy ana miaka minne, na ukijumlisha likizo ile ya 2014 na siku zote za ugonjwa, amekaa na baba yake siku mia mbili ishirini na sita.

Lala salama, Jackton. Ulituuliza uje, na tulipaswa kusema ndiyo.